Stet: Amri ya Kilatini Iokoayo Maneno

KATIKA kazi ya kupiga chapa magazeti na vitabu, liko neno la herufi nne ambalo msomaji halioni abadan, kwani kazi yake huisha kabla karatasi haijamfikia mkononi. Neno hilo ni stet.

Maana yake ni “lisimame”, yaani liachwe kama lilivyo. Msahihishaji akikata neno kwa kalamu, kisha mwandishi au mhariri akaona limekatwa bure, huweka nukta chini yake na kuandika stet pambizoni. Mpiga chapa akiona hivyo hujua kwamba neno lirudi mahali pake.

Nalipenda neno hili kwa kuwa sarufi yake yafanana na yetu. Kwa Kilatini, stat ni “linasimama”. Ukitaka lisimame, wageuza irabu, wasema stet. Nasi pia twaigeuza a ya mwisho kuwa e. Tena, kutokana na kitenzi hicho hicho Waingereza walipata neno ambalo sisi tumelifanya stesheni, mahali lisimamapo gari la moshi.

Kwa nini Kilatini? Kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya kanisa na ya elimu Ulaya. Biblia aliyoichapa Gutenberg mjini Mainz, Ujerumani, mnamo 1455 hivi, ilikuwa ya Kilatini, na msahihishaji ilimbidi aijue lugha hiyo. Desturi ikadumu. Katika karne ya 18 wapiga chapa wa Uingereza walikuwa wakiandika stet, pamoja na dele, yaani futa, na caret, yaani pamepungua kitu.

La ajabu ni zile nukta. Zamani, vitabu vilipoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, mwandishi aliyekosea aliweka nukta chini ya herufi ili kuonyesha kwamba isisomwe. Leo nukta zizo hizo zasema neno liishi!

Hapa kwetu amri hii ina kazi kubwa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo ulisaidia vitabu vya shule, lakini baadhi ya wasahihishaji wakadhani kwamba kila neno la Kimvita ni kosa. Nimeshuhudia shairi la mzee mmoja likitolewa gazetini huku mato yamegeuzwa macho. Vina vyake vilikuwa to. Mato yalikaa na moto na mtoto. Ubeti ukavunjika, na watu wakasema mzee hajui kutunga. Nukta nne na neno moja pambizoni zingalimwokolea heshima yake.

Siku hizi wengi husahihisha kwa kompyuta, na neno lililofutwa hurudi kwa kubonyeza kidole tu. Lakini ni lazima awepo mtu anayejua kwamba mato ni Kiswahili, naye awe tayari kulitetea.

Basi wahariri wenzangu, tukikutana na neno tusilolijua, tumwulize kwanza mwenye shairi. Na ikiwa kalamu imekwisha kupita, tusione haya kuandika stet.