Je, Wajua? Rosela Hutambua Asidi

• Rangi ya karatasi ya litimasi hutokana na likeni, viumbe vinavyoota juu ya mawe na magome ya miti. Asidi hugeuza litimasi ya buluu kuwa nyekundu. Besi hugeuza nyekundu kuwa buluu.

• Mwaka 1664, Robert Boyle alieleza kitabuni kuwa sharubati ya maua ya vayoleti huwa nyekundu ikitiwa asidi, na kijani ikitiwa besi.

• Shule isiyo na litimasi yaweza kutumia rosela. Chemsha maua makavu, chuja, acha maji yapoe, kisha yagawe katika glasi mbili. Ndimu hukoleza wekundu. Magadi huuondoa na kuleta ukijani uliofifia. Kinachobadilika ni anthosiani, rangi asilia ya ua hilo. Majaribio hayaonjwi!

• Kipimo cha uasidi kiitwacho pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika Maabara ya Carlsberg, Copenhagen, iliyoanzishwa na mwenye kiwanda cha bia. Kila hatua ni mara 10: pH 3 ina uasidi mara 100 ya ule wa pH 5.