TAJRIBA NA UBUNIFU: Je, Hamza wa ‘Haini’ ndiye Shafi Adam Shafi?

Kuna swali linalozuka karibu kila mara riwaya inapojadiliwa darasani: Je, haya yalimtokea mwandishi mwenyewe?

Baadhi ya wahakiki hulipuuza swali hili. Hujikinga kwa hoja ya Roland Barthes, Mfaransa ambaye mwaka wa 1967 alitangaza ‘kifo cha mwandishi’. Kwake, maana ya matini haitafutwi katika maisha ya aliyeiandika. Wengine wako upande wa pili kabisa. Hao humfuata Sainte-Beuve, mhakiki wa karne ya 19 aliyeamini kwamba ukiyajua maisha ya mwandishi umeijua kazi yake. Mfuasi wa mkondo huu huisoma riwaya kama shajara.

Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zinapoteza jambo. Hebu tutazame mifano kutoka katika fasihi yetu.

Shafi Adam Shafi alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1940. Tarehe 7 Aprili 1972, Rais Abeid Amani Karume aliuawa kwa kupigwa risasi. Kamatakamata ikafuata, na Shafi akawa miongoni mwa waliotiwa kizuizini. Riwaya yake, ‘Haini’, ilichapishwa mwaka wa 2003, miaka 31 baada ya tukio hilo. Mhusika wake mkuu, Hamza, anakamatwa baada ya kiongozi wa nchi kuuawa, anatupwa jela na kuteswa.

Mfanano huu si wa kubahatisha. Anayedai kwamba tajriba ya Shafi haina nafasi katika kuisoma ‘Haini’ anajinyima mengi. Anaiondolea riwaya uzito wake wa ushahidi, hasa ikikumbukwa kwamba sauti za waliopitia vizuizi vile hazikusikika kwa urahisi wakati huo.

Lakini je, Hamza ndiye Shafi? Hapana. Mwaka wa 2013, mwandishi huyohuyo alichapisha ‘Mbali na Nyumbani’, tawasifu inayosimulia safari zake za ujanani alipotoka Zanzibar kwenda kutafuta elimu ng’ambo. Humo anasema ‘mimi’ waziwazi. Kwa hivyo, Shafi aliijua njia ya kujisimulia bila kupitia kwa mhusika wa kubuni. Safari aliiandikia tawasifu. Jela akaiandikia riwaya.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kisanaa. Mwandishi wa tawasifu hufungwa na alichokiona na kukisikia. Mfungwa halisi hajui mkuu wa jela anawaza nini usiku, wala hajui machozi yaliyomwagika nyumbani kwake siku ile alipokamatwa. Mtunzi wa riwaya anaweza kuzivuka kuta hizo. Mateso ya mtu mmoja yakishapewa jina la Hamza, yanakuwa pia mateso ya wengine ambao hawakupata nafasi ya kuandika. Tajriba imempa mtunzi malighafi. Ubunifu ndio ulioipa umbo.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Marehemu Ken Walibora alichapisha ‘Siku Njema’ mwaka wa 1996. Kongowea Mswahili, anayesimulia kwa nafsi ya kwanza, ni mzaliwa wa Tanga anayefunga safari kuja Kenya kumtafuta baba yake. Jinsi anavyoisawiri Pwani, msomaji asiyemjua Walibora angeapa kwamba mwandishi ni mtu wa huko. Kumbe wapi! Walibora alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, na maisha yake halisi aliyasimulia katika tawasifu, ‘Nasikia Sauti ya Mama’. Ila safari ya Kongowea inamfikisha maeneo ya Kitale na Kapenguria, pande ambazo hazikuwa ngeni kwa mwandishi. Tajriba imeingia riwayani kupitia mlango wa nyuma.

Wakati mwingine maisha humpa mwandishi mahali tu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika ‘Rosa Mistika’ (1971) kuhusu msichana wa kisiwani humo. Kezilahabi hakuwahi kuwa Rosa. Alichokijua ni kisiwa chenyewe, nyumba zake na malezi yake. Mengine aliyafikia kwa kuwatazama watu na kuwaza kwa niaba yao.

Sasa basi, mwanafunzi afanyeje? Aanze na matini. Akishaielewa, ayatumie maisha ya mwandishi kama taa ya kumulikia pembe zenye giza, wala asiyafanye ndiyo jibu. Kuandika kwamba ‘Walibora alizaliwa Tanga’ kwa sababu msimulizi alizaliwa huko ni kosa la ukweli na la uhakiki pia. Vilevile, kuijadili ‘Haini’ bila kuutaja mwaka wa 1972 ni kuacha nusu ya hoja nje.

Swali lenye faida kuliko ‘je, yalimtokea?’ ni hili: mwandishi amebadilisha nini katika yaliyomtokea, na kwa nini? Anayelijibu hilo ameanza kuhakiki.