Nyanda za Juu Tunazozipita Usingizini

Ndugu msomaji, hebu jiulize: ni mara ngapi umesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya? Pengine ulikwenda msibani, pengine harusini, pengine uliwapeleka watoto kumsalimia bibi yao wakati wa likizo. Sasa jiulize swali la pili: katika safari zote hizo, uliona nini njiani?

Wengi wetu, tukisema ukweli, tutajibu kwamba tuliona pazia la dirisha. Basi huondoka alfajiri, abiria wakiwa wamekesha wakifunga mizigo. Likishavuka Morogoro, vichwa huanza kuinama. Twiga wa Mikumi hutazama basi zima la watu waliolala. Mwandishi wa makala haya naye ni mmoja wa wakosaji hao. Kwa miaka mingi aliijua barabara kuu ya Tanzam kwa vituo vyake vya chakula tu, mpaka siku moja mzee aliyekaa naye kiti kimoja alipomgusa bega pale Kitonga na kumwambia, "Mwanangu, amka. Utalala kwako." Tangu siku hiyo amekuwa akisafiri macho wazi, na hayo aliyoyaona ndiyo anayotaka kukusimulia leo.

MLANGO WA IRINGA

Baada ya Mikumi barabara huingia katika bonde la mto Ruaha Mkuu, nchi ya joto yenye mibuyu mingi kupita kiasi, iliyosimama kwenye vilima kama wazee barazani. Kisha mlima Kitonga huanza. Kona hufuata kona, malori hupanda kwa mwendo wa kinyonga, na bonde huzidi kuzama upande wa chini. Kufika juu, hewa imebadilika. Yule aliyekuwa akijipepea kwa gazeti sasa anatafuta sweta.

Kabla ya kufika mjini Iringa utapita Lugalo. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti, 1891, Wahehe chini ya Mtwa Mkwawa waliposhambulia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Kamanda huyo aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani walirudi wakiwa na mizinga, na tarehe 30 Oktoba, 1894, wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa hakusalimu amri. Aliendelea kupigana porini mpaka Julai 1898, alipojiua kwa risasi ili asikamatwe akiwa hai.

Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu hilo lirudishwe, lakini miaka ilipita bila utekelezaji. Lilirudi mwaka 1954, na leo limo katika jumba la makumbusho pale Kalenga, kilomita zipatazo 15 kutoka mjini. Mtoto anayesoma habari za Mkwawa darasani akisimama mbele ya fuvu hilo, somo lile huacha kuwa la mtihani. Jina lenyewe la Iringa, kwa maelezo ya wenyeji, latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome.

Mjini kwenyewe usikose kupanda Gangilonga, jiwe kubwa linaloutazama mji mzima, ambalo jina lake lina maana ya jiwe linalozungumza. Jioni ni wakati wake mzuri.

Kilomita 20 hivi kutoka mjini, kando ya barabara iendayo Mbeya, ipo Isimila. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini aliokota zana za mawe katika korongo la mahali hapo, na wataalamu walipochimba baadaye katika miaka ya 1950 wakakuta zana kwa wingi: mashoka ya mkono, vikwaruzio na nyundo. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka kama 260,000. Karibu na hapo, mvua na upepo vimeuchonga udongo ukawa nguzo ndefu zilizosimama korongoni, na aliye chini yake hujiona mdogo kama sisimizi.

MTO UNAOWASHA TAA ZETU

Magharibi ya Iringa, mwendo wa kilomita zipatazo 130, iko Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964. Mwaka 2008 bonde la Usangu liliunganishwa nayo, ikapanuka kufikia eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Humo wamo tembo, simba, mbwamwitu na tandala, wakubwa kwa wadogo. Mchana wa kiangazi wanyama wote hao huwa na miadi mahali pamoja: ukingoni mwa Ruaha Mkuu.

Hapa, ndugu msomaji, yafaa tutulie kidogo, kwa maana mto huu si wa wanyama peke yao. Maji yake hujaza bwawa la Mtera, yakashuka mpaka Kidatu, na kwa miaka mingi mitambo ya mabwawa hayo mawili, yenye uwezo wa megawati 80 na 204, ndiyo iliyokuwa tegemeo kubwa la umeme wa viwanda na nyumba zetu. Yakitoka Kidatu maji hayo huingia katika mto Rufiji, ambako mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Kwa hiyo mama anayepiga pasi sare za watoto kule Temeke anautumia mto Ruaha, ajue asijue.

La kusikitisha ni kwamba tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Viboko hubaki wamebanana katika madimbwi ya tope. Sababu zake ziko juu ya mto, katika bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu: maji yanachepushwa kwenda mashambani hata wakati wa kiangazi, na mifugo iliongezeka kupita uwezo wa ardhi ile. Wala tusiharakishe kumlaumu mkulima. Mchele wa Mbeya tunaousifu kwenye pilau zetu unatoka katika mashamba hayo hayo. Mlaji wa wali, mwasha taa na kiboko wote wanakunywa kutoka mtungi mmoja. Anayekwenda kuuona mtungi huo kwa macho yake ndiye atakayejua kwa nini yapaswa kugawana maji yake kwa akili.

BUSTANI YA KITULO

Maji hayo chimbuko lake ni wapi? Tuendelee na safari. Kutoka Iringa barabara hupita Mafinga na Makambako, kisha huteremka mpaka pembeni mwa bonde la Usangu. Ukifika Chimala, utazame mlima ulio upande wako wa kushoto. Kuna barabara inayoupanda kwa kona nyingi hata wenyeji wakaiita Hamsini na Saba. Juu yake, kupita Matamba, ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005. Nyanda hizo ziko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, na baadhi ya vijito vinavyouanzisha Ruaha Mkuu hutoka katika nyasi zake.

Kitulo haina tembo wala simba. Ina maua. Kati ya Desemba na Aprili uwanda mzima hugeuka kuwa zulia la manjano, zambarau, nyeupe na nyekundu, na watu wa huko wamezoea kupaita Bustani ya Mungu. Zimeorodheshwa aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni za okidi. Ua hilo lina kiazi chini ya ardhi, na kiazi hicho kina soko kule Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Wachimbaji walipoongezeka, maua yakaanza kupungua, na hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kuilinda sehemu hii. Ua moja likichimbwa, halitachanua tena mwakani.

MBEYA NA MILIMA YAKE

Mji wa Mbeya ulianza mwaka 1927, wakati wa mbio za kutafuta dhahabu huko Lupa, upande wa Chunya. Umezungukwa na milima, na kilele cha Mbeya, chenye zaidi ya mita 2,800, chaweza kupandwa na kijana mwenye miguu mizuri kwa siku moja, akaenda na kurudi.

Lakini raha kamili iko njia ya Tukuyu, inayoanzia Uyole. Huko kila kitu ni kijani: migomba, chai, viazi. Katika milima ya Poroto lipo ziwa Ngozi, lililolala ndani ya shimo la volkeno. Hufikiwa kwa miguu kupitia msitu mzito. Mpandaji huhema, huteleza, hulalamika, na ghafla miti inaisha, na chini kabisa analiona ziwa limetulia, limezungukwa na kuta za mwamba. Wenyeji husimulia kwamba lina siri zake, na aliyefika hapo wakati wa ukungu hatathubutu kubisha.

Mbele zaidi ni mto Kiwira na Daraja la Mungu, mwamba wa asili unaouvuka mto huo tangu miaka ambayo volkeno ilitiririsha mawe yaliyoyeyuka. Juu ya yote umesimama mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000. Katika misitu yake anaishi kima aitwaye kipunji, ambaye wanasayansi walimtangaza duniani mwaka 2005. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua siku zote, na jina analotumia ni lile walilompa wao.

Ndivyo ilivyo pia kwa Kimondo cha Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni pande la chuma kutoka angani, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito ukadiriwao kuwa tani 16. Wageni walilijua mwaka 1930, ilhali wenyeji walikuwa nalo zamani.

Na kama siku zipo, shukeni mpaka Kyela na Matema, kwenye ufuko wa ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Wanawake wa Kikisi huuza vyungu vyao huko, na chungu kimoja kikifika salama nyumbani kitaisimulia safari kwa miaka.

VIPI KUHUSU GHARAMA?

Tunajua mshahara hauna ukoo na matembezi. Hata hivyo, raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kilicho nafuu sana kuliko cha mgeni. Gari la kuingilia Ruaha ndilo ghali, basi wafanyakazi wa ofisi moja au majirani wa mtaa mmoja wachangiane. Mahali kama Isimila na Kalenga pamo katika uwezo wa familia inayosafiri kwa basi. Mkienda kumsalimia bibi, ongezeni siku mbili. Juni mpaka Agosti chukueni makoti, maana baridi ya huko haina mzaha. Wakati wa maua chukueni viatu vya tope. Na kila mahali tafuteni mwenyeji wa kuwaongoza: anajua njia, na fedha yenu itabaki kijijini.

Nchi yetu hutembelewa na watu wanaovuka bahari kuja kuiona. Hilo ni jema. Lakini mgeni atarudi kwao, na mto ukikauka hatakuwepo. Atakayebaki ni sisi na watoto wetu, na mtu hawezi kukitetea kitu ambacho hajapata kukiona.

Basi, ndugu msomaji, safari ijayo mwachie mtoto kiti cha dirishani, na lifikapo basi Kitonga, mwamshe.