Nguvu ya Mwethya ni Udogo Wake

Anayesimulia matuta ya kuzuia mmomonyoko ya Machakos, Kenya, aghalabu huanza na wataalamu wa kilimo, hufuatisha serikali, na Wakamba, wenyeji wa huko, huwaweka mwisho kama watu walioelekezwa tu. Simulizi hiyo inawadhulumu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipotwaa ng'ombe wao kwa kisingizio cha kuokoa ardhi, mmoja wao, Muindi Mbingu, aliongoza maelfu yao hadi Nairobi. Alihamishiwa Lamu, lakini utwaaji ukasitishwa. Walichokataa ni shuruti. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua. Ardhi hiyo iliponywa kwa majembe ya majirani, na kilichowakusanya ni mwethya, utaratibu wao wa kusaidiana kazi.

Ngoma ya kilumi na vinyago vya Wakamba vimekwisha kupata wapenzi wake. Mwethya haujaenziwa inavyostahili. Mwenye shamba huwaita watu wa utui wake, yaani kijiji chake, huwapikia, nao hulima, hujenga au huchimba mitaro bila ujira. Deni hulipwa kwa jasho siku mwingine akiita. Kundi ni dogo, hivyo kila mtu anajua nani alifika na nani alikwepa. Baada ya 1945 watu walichimbishwa matuta kwa amri, wakafanya kazi kwa kinyongo. Makundi yaliporuhusiwa kujichagulia viongozi katika miaka ya 1950, wanawake wakiwa ndio wengi, kazi ilishika kasi. Baadaye fanya juu, njia ya kutengeneza matuta ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa mlimani, ilienea shamba hadi shamba.

Wapo wanaouliza: mzee au mgonjwa atalipaje deni la jembe? Swali ni la haki. Lakini watu wanaofahamiana ndio wanaojua nani hawezi na nani hataki, nao humsamehe asiyeweza bila kumdai ushahidi. Wengine husema kibarua humaliza kazi upesi. Humaliza, kwa mwenye fedha. Asiye nazo mvua humkuta na shamba lisilo na tuta. Kinachosikitisha ni mwethya kugeuzwa jina la kusajilia kikundi ili kipate msaada, chenye katibu na muhuri, huku wanachama hawajawahi kutokwa jasho pamoja. Anayetaka ushirika au chama imara asitangulize katiba na makao makuu. Aanze na nyumba chache zinazodaiana kazi, aziache zichague kiongozi wao, ndipo aziunganishe.