Kunja, Kisha Zungusha: Hesabu Ndani ya Bendera ya Burundi

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Somo la leo ni ulinganifu wa maumbo. Shuleni watoto wetu wanalisoma kwa Kifaransa na kuliita simetri. Mzazi, usizime redio. Hata kama Kifaransa hukijui, utaweza kumsaidia mwanao kwa karatasi na mikono tu.

Nilipokuwa sekondari niliulizwa: mstatili una mistari mingapi ya ulinganifu? Nikajibu minne. Nikakosa. Chukua karatasi ya daftari uone kosa langu.

Ikunje kushoto kwa kulia. Kingo zimelaliana? Huo ni mstari wa kwanza. Ifungue, ikunje juu kwa chini. Huo ni wa pili. Sasa ikunje kwa kufuata mstari wa pembe hadi pembe.

(Kimya, sekunde 10.)

Umeona? Pembe mbili zilizobaki hazikutani. Mstari huo unagawa karatasi nusu mbili zilizo sawa, lakini hazilaliani. Kwa hiyo mstatili una mistari 2. Mraba ndio wenye 4.

Jaribio la pili ni kuzungusha. Bana katikati ya karatasi kwa kidole, uizungushe hadi irudi ilipoanzia. Mstatili unakaa kama mwanzo mara 2: nusu ya mzunguko, kisha mwisho wake. Mraba, mara 4.

Sasa itazame bendera ya Burundi. Ni mstatili wa sehemu 3 kwa 5, una msalaba mweupe kutoka pembe hadi pembe, nyekundu juu na chini, kijani kushoto na kulia. Usihadaike na msalaba: ukikunja hapo, pembe hazikutani. Bila nyota, bendera hii ingefaulu kukunjwa mara 2 na kuzungushwa mara 2. Lakini katikati zipo nyota 3, za Umoja, Kazi na Maendeleo: moja juu, mbili chini. Kwa hiyo unabaki mstari mmoja tu, ule wa kusimama. Ukiona nyota mbili ziko juu, jua bendera imepinduliwa.

Tumalizie na herufi kubwa. A, M na U zinakunjika kushoto kwa kulia. B inakunjika juu kwa chini. S, N na Z hazikunjiki popote, ila ukizigeuza nusu mzunguko zinasomeka vilevile. H na O zinafaulu yote mawili. J na R hazifaulu lolote.

Zoezi: andika jina la kambi yako kwa herufi kubwa, ujaribu kila herufi. Mtoto akikosea, usimpe jibu. Mpe karatasi akunje mwenyewe.

(Muziki unapanda.)