Mjinga Ghorofani, Bawabu Langoni: Kaida za Usimulizi katika Vichekesho vya Ofisini

Muhula uliopita sisi tunaofundisha Fasihi Simulizi na wenzetu wa Tafsiri tuliunganisha vipindi vya Ijumaa alasiri kwa wiki nne. Nia yetu ilikuwa ndogo tu: kuonyesha filamu moja, kuijadili kwa Kiswahili, kisha kuwapa wanafunzi maonyesho machache wayatafsiri na kuyasoma kwa sauti mbele ya darasa. Filamu tuliyoichagua ni The Hudsucker Proxy ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Joel Coen, naye akaiandika pamoja na nduguye Ethan na mwenzao Sam Raimi. Wapo waliotuuliza filamu ya Kimarekani ya kuchekesha ina uhusiano gani na idara ya Kiswahili mjini Kigali. Makala haya ni jibu letu, na kwa kiasi fulani ni maungamo pia, kwani somo kubwa katika vipindi vile hatukulitoa sisi.

Tuanze na aina yenyewe. Wamarekani huiita screwball, jina walilolitoa katika mchezo wa besiboli, ambako ni mpira unaorushwa ukapinda upande usiotarajiwa. Darasani tuliiita vichekesho vya patashika, na jina hilo limetutosha. Ilichanua katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ambapo watu waliokosa kazi waliingia sinema kuwatazama matajiri wakiadhirika. It Happened One Night ya Frank Capra (1934) ni miongoni mwa zile za mwanzo. His Girl Friday ya Howard Hawks (1940) ndiyo inayotajwa zaidi kwa kasi ya maneno, maana wahusika wanadakiana, mmoja hajamaliza na mwenzake ameshajibu. Kanuni za udhibiti wa filamu, zilizoanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934, zilifunga mlango wa chumbani, basi mapenzi yakahamia mdomoni: mwanamume na mwanamke hupendana kwa kugombana. Miaka hamsini na ushei baadaye ndugu hao wawili walizifufua kaida hizo kwa makusudi kabisa.

Kisa kinaenda hivi. Ni Desemba 1958 mjini New York. Mzee Waring Hudsucker, mwanzilishi na rais wa kampuni, ameketi na wakurugenzi wake wakisomewa taarifa kwamba faida ni nono. Anapanda juu ya meza, anatimua mbio, anatokea dirishani. Kwa kanuni za kampuni, hisa zake zitauzwa kwa umma mwaka mpya ukiingia. Sidney Mussburger (aliyeigizwa na Paul Newman) anapanga hila: tumweke mjinga kwenye kiti, wenye hisa waingiwe na hofu, bei ianguke, nasi tununue kwa bei ya kutupa. Mjinga anayepatikana ni Norville Barnes, kijana aliyetoka Muncie, jimbo la Indiana, na ambaye ndiyo kwanza ameajiriwa katika chumba cha barua, chini kabisa ya jengo. Mfukoni ana karatasi yenye duara moja. Ndiyo ndoto yake, na kila anayeonyeshwa haelewi kitu. Duara hilo linakuja kuwa ile pete ya plastiki ya kuzungusha kiunoni. Nchi nzima inapata wazimu wa kuizungusha. Na hisa, badala ya kuanguka, zinapaa.

Filamu haianzii hapo, bali inaanzia karibu na mwisho. Ni usiku wa mkesha wa mwaka mpya, theluji inaanguka, na Norville amesimama ukingoni mwa jengo, nje ya dirisha, tayari kujitupa. Sauti ya mzee mmoja inatueleza tulipo, kisha inaturudisha nyuma. Wanafunzi waliitambua mbinu rejeshi mara moja, kwa kuwa imo katika mitihani yao. Kilichowachukua muda ni kumtambua mzee mwenyewe. Anaitwa Moses, ndiye anayetunza saa kubwa ya jengo, anaishi ndani ya mitambo yake na anajua habari za kila ghorofa. Tulipouliza huyu ni nani katika fasihi yetu, tulijibiwa haraka kwamba ni msimulizi maizi. Jibu ni sahihi, lakini ni la kitabuni. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hadi siku hiyo hatukuwa tumewahi kusikia sauti yake, alisema: "Mwalimu, huyu ni mtu wa agasobanuye."

Kwa wasomaji wetu wa nje ya Rwanda, agasobanuye ni filamu ya kigeni iliyowekewa sauti ya mtu mmoja anayeieleza kwa Kinyarwanda tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo hatafsiri tu. Anaongeza chumvi, anamcheka mhusika, anamwonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango, anampa jina la mtaani. Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, na Uganda nako kazi hiyo ina mabingwa wake. Ni fanani yuleyule wa "Paukwa! Pakawa!" na wa "Kera habayeho", ila sasa anakaa mbele ya skrini badala ya moto. Na tazama Moses anafanya nini mwishoni: Norville anapoanguka kutoka juu, mzee anasukuma fimbo ya ufagio katikati ya magurudumu ya saa, wakati unasimama, kijana ananing'inia hewani, naye Moses anatugeukia sisi watazamaji na kusema nasi moja kwa moja. Msimulizi ameingia ndani ya hadithi yake na kuibadili. Ukimwambia mtu aliyekulia kwenye agasobanuye kwamba hiyo ni mbinu ngeni, atakushangaa.

Kaida ya pili ni ya mjinga anayepandishwa. Hapa mjadala ulichemka kuliko tulivyotarajia. Kundi moja lilishikilia kwamba Norville ni Bakame, yule sungura wa ngano za Kinyarwanda, kwa sababu ni mdogo anayewashinda wakubwa. Wengine walikataa katakata, na kwa maoni yetu walikuwa na haki. Bakame na Sungura wanashinda kwa akili. Hila ni yao. Katika vichekesho vya patashika hila ni ya wakubwa, na mdogo hana hila yoyote, ana duara tu. Anachoshinda nacho ni sadfa, na sadfa katika aina hii imeruhusiwa kuwa kubwa kupita kiasi. Pete za kwanza haziuziki, muuzaji anazitupa nje, moja inabingirika barabarani peke yake hadi miguuni pa mtoto, mtoto anajua la kufanya. Katika riwaya tungeandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba tukio halisadikiki. Hapa tunacheka. Na mtazamaji wa kwetu hashangai sana, kwa kuwa amewaona watoto wakikimbiza ringi kuukuu ya baiskeli kwa kijiti kutwa nzima bila kuchoka.

Halafu kuna jengo. Vichekesho vya ofisini husimuliwa kwa ngazi: juu wakubwa, chini kabisa chumba cha barua, na katikati lifti yenye kijana mdomo mrefu anayemtania kila anayepanda. Kila mtu akibishana mzee Hudsucker ameanguka kutoka ghorofa ya ngapi, mmoja atasema 44, mwingine atasema 45 ukihesabu ile ndogo ya katikati. Utani huo unarudiwa hadi unakuwa kibwagizo. (Ulitupa kazi katika tafsiri, kwani Wamarekani huanza kuhesabu chini, ilhali sisi wengi tunahesabu kuanzia ya juu yake. Darasa zima lilihesabu vidole kwa dakika kumi.)

Ndugu wa karibu zaidi wa filamu hii katika eneo letu, tunadhani, si filamu bali ni kipindi cha televisheni: Papa Shirandula, kilichoanza kuonyeshwa na Citizen TV ya Kenya mwaka 2007. Papa, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko hadi alipoaga dunia Julai 2020, ni bawabu wa kampuni. Mkewe Wilbroda hajui. Anajua mumewe ni mtu wa ofisi, kwa sababu anatoka nyumbani amevaa suti. Akifika kazini anaivua na kuvaa sare ya ulinzi. Kicheko chote kimejengwa juu ya kinaya hicho cha kidrama, yaani sisi tunajua, mke hajui, na kila mlango unaofunguliwa unaweza kumfichua. Weka hadithi hizi mbili pamoja uone zinavyoangaliana. Norville yuko ndani ya kiti ambacho si chake, na wote wanajua isipokuwa yeye. Papa yuko nje ya mlango, anajua vyema kiti si chake, na anajitahidi kuwaficha wengine. Hata mwandishi wa gazeti katika filamu, Amy Archer, anaingia ofisini kwa uongo: anajidai katibu, tena mzaliwa wa Muncie, ili amchunguze mjinga aandike habari zake, kisha anampenda. Bila kujifanya hakuna aina hii. Ofisi yenyewe, tukisema kweli, ni mahali pa kujifanya.

Hapo ndipo tulipowapa tafsiri, na hapo ndipo mambo yalipotuharibikia. Kazi zilizorudi zilikuwa safi kabisa kisarufi, lakini hakuna aliyecheka. Mussburger, Norville, Amy, kijana wa lifti na msimamizi wa chumba cha barua wote walisema Kiswahili kimoja, kile cha barua ya kuomba kazi. Chukua mfano wa msimamizi huyo. Anamkaribisha Norville kazini kwa kumpigia kelele orodha ndefu ya makosa, na kila kosa linaishia kwenye adhabu ileile ya fedha. Wanafunzi waliandika: "Endapo utachelewa, mshahara wako utapunguzwa." Ni sahihi. Lakini ukiyarudia maneno hayo mara nane, msikilizaji atalala. Yule mwanafunzi wa nyuma alisema kwa sauti ya chini: "Utakatwa." Tukamwomba arudie. "Ukichelewa, utakatwa. Ukipoteza barua, utakatwa. Ukiuliza, utakatwa." Darasa likaangua kicheko, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo kila mfanyakazi wa Afrika Mashariki analijua.

Tulipomuuliza kwa nini hakuandika hivyo katika kazi yake, alituambia amekulia Nyamirambo, karibu na Biryogo, na Kiswahili anachokijua ni cha huko. Shuleni aliambiwa ni Kiswahili cha wahuni, kwa hiyo anapoingia darasani hukiacha langoni. Wasomaji wa Rwanda hawahitaji maelezo marefu. Biryogo ndiko Wabelgiji walikokuita kambi ya Waswahili, na lugha hii ilikaa hapa kwetu kwa miaka mingi kama lugha ya sokoni, ya madereva na ya askari, kabla haijapewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Hadhi hiyo tuliipigania. Lakini kijana anayevua Kiswahili chake langoni na kuvaa kingine ni Papa Shirandula kinyumenyume, na mlango anaouogopa ni wa darasa letu.

Tukaanza upya. Safari hii tuliwagawia wahusika lugha kabla ya maneno. Msimamizi na kijana wa lifti walipewa lugha ya mtaa. Amy alipewa vijineno vya kukatia watu kauli, "Wapi!", "Thubutu!", "Eti?", kwa kuwa sentensi ya Kiswahili sanifu yenye viambishi vyake vyote ni ndefu, na kasi haipatikani kwa kuisoma upesi bali kwa kuikata. Mussburger ndiye aliyebaki na usanifu, na ulimfaa sana, maana hila ikisemwa kwa lugha ya mikutano hutisha zaidi. Na tuligundua mahali ambapo Kiswahili kinaishinda filamu yenyewe. Katika Kiingereza Norville anaambiwa neno moja la "wewe" akiwa tarishi na akiwa rais. Katika tafsiri yetu anaingia ofisini akiwa "we kijana", anakuwa "mwanangu" mara Mussburger anapoona ujinga wake, na kabla hajakaa vizuri ameshakuwa "Mheshimiwa Rais". Kupanda kwake kote kumo katika maneno hayo matatu.

Ijumaa ya mwisho kundi moja lilileta onyesho walilolibuni wao: wakurugenzi wanapiga kura ya kumweka mjinga kitini. Aliyeigiza mwenyekiti ni msichana kutoka kaskazini mwa nchi. Kinyarwanda hakitenganishi l na r kama Kiswahili, na wote tunajua taabu ya jambo hilo. Alisimama, akanyoosha mkono na kutangaza kwa sauti ya juu: "Ndugu wakurugenzi, sasa tuanze kula!" Mmoja wetu, kwa mazoea ya miaka mingi, alishamkatiza kumsahihisha. Msichana akanyamaza, macho chini. Kisha wenzake wakaanza kucheka, na polepole tukaelewa hawamcheki yeye. Wanawacheka wakurugenzi, ambao kweli walikuwa wamekutana ili wale.

Tulimwomba radhi mbele ya darasa. Tafsiri ya onyesho hilo imebandikwa kwenye ubao wa idara, kando ya ratiba ya mitihani, na neno lake tumeliacha kama alivyolisema.