Pesa za Kitoweo

Neno mshahara tumelizoea hata hatuulizi limetoka wapi. Asili yake ni Kiarabu. Shahri ni mwezi, na mshahara ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 walilipwa jioni ile ile, dinari moja kila mtu. Huo ni ujira.

Lakini katika Luka 3:14, Yohana Mbatizaji anaposema na askari juu ya mshahara, neno la Kiyunani ni opsonia. Ndani yake mna opson, yaani kitoweo, kile kiliwacho pamoja na mkate, hasa samaki. Na sehemu ya pili ni kununua. Basi kwa asili ni pesa za kununulia kitoweo. Baba zetu waliochukua mizigo ya misafara wangeita posho.

Tena ilikuwa kidogo. Siku za Kaisari Augusto askari wa Kirumi alipata dinari 225 kwa mwaka, na humo alikatwa chakula na mavazi. Mwanahistoria Tacitus aeleza jinsi askari walivyoasi mwaka 14, wakinung'unika kwamba katika fedha hizo hizo iliwapasa kumhonga akida ili awapunguzie kazi. Mwaona, chai haikuanzia kwetu!

Wale askari walimwuliza Yohana wafanye nini. Hakuwaambia wavue sare. Aliwakataza kunyang'anya watu kwa nguvu na kuwashitaki kwa uongo, akawataka waridhike na pesa zao za kitoweo. Hakusema ni nyingi. Najua karani atanijibu, "Mchungaji, mshahara hautoshi, na karo ya watoto je?" Ni kweli. Lakini yule mama aliyesimama mbele ya meza yako tangu asubuhi, aliyekopa nauli ili karatasi yake ipigwe muhuri, naye ana watoto. Kile kitu kidogo unachomwomba kinatoka katika kitoweo chao.

Nasi tulio waajiri tusifurahi upesi. Yakobo 5:4 yasema ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Mlinzi wa kanisa na msichana wa kazi nyumbani, mwezi wao huisha siku ile ile unapoisha wetu.

Paulo alilichukua neno hilo hilo la askari katika Warumi 6:23. Dhambi ni jemadari mwenye jeshi, naye huwalipa watu wake posho yao, nayo ni mauti. Hachelewi kulipa. Kisha Paulo anapofika kwenye uzima wa milele analiacha neno hilo kabisa, anasema karama, kitu kitolewacho bure. Isomeni sura hiyo jioni hii pamoja na watu wa nyumbani, mkianzia mstari wa 13, penye habari za silaha.